Bingwa akifa vitani, jina lake hubaki mikononi mwa nani?

Julai 10, 1912, katika fainali ya Olimpiki ya mita 5,000 mjini Stockholm, wakimbiaji wawili waliwaacha wenzao mapema wakabaki kuumizana wao kwa wao. Mbele alikuwa Jean Bouin, Mfaransa wa Marseille, mtu wa masharubu na kifua kipana, aliyekimbia kana kwamba anagombana na ardhi. Nyuma yake, hatua kwa hatua, alikuwa Hannes Kolehmainen wa Finland, ambaye siku mbili kabla alikuwa ameshachukua dhahabu ya mita 10,000. Mzunguko wa mwisho Kolehmainen alijaribu kupita, Bouin akamkatalia. Akajaribu tena, akakataliwa tena. Zikiwa zimebaki mita chache tu ndipo Mfini akapenya. Dakika 14, sekunde 36.6 kwa mmoja, 36.7 kwa mwingine. Kabla ya mchana ule hakuna aliyekuwa ameandikiwa muda wa chini ya dakika 15 katika umbali huo. Sasa walikuwapo wawili kwa mpigo.

Wa tatu alifika nusu dakika nzima baadaye. Huyo aliitwa George Hutson, mwanajeshi wa Uingereza, na kwa wengi wanaosimulia mbio hizo yeye ni kama mtu aliyepita tu kwenye picha.

Miaka miwili na miezi miwili baada ya hapo, wawili kati ya hao watatu walikuwa wamekufa. Hutson, akiwa sajini katika Royal Sussex Regiment, aliuawa Septemba 14, 1914 kwenye mapigano ya mto Aisne. Alikuwa na miaka 24. Siku 15 baadaye, Septemba 29, Bouin naye aliuawa katika eneo la Meuse, mashariki mwa Ufaransa, akiwa na miaka 25. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na kama miezi miwili tu, na tayari ilikuwa imekwishabeba fedha na shaba ya mbio zile.

Tofauti kati ya wafu hawa wawili ndiyo inayonifanya niandike. Bouin ana uwanja Paris, ana mitaa, ana mbio zenye jina lake hadi leo. Hutson anajulikana na wapenzi wa takwimu na watu wa mji wake. Walikufa mwezi mmoja, vita moja, upande mmoja, nchi ileile ya Ufaransa. Kama kufa kwa ajili ya taifa ndiko kunakomfanya mtu akumbukwe, kwa nini mizani imelala upande mmoja hivi?

Jibu jepesi ni kwamba Bouin alikuwa mkubwa zaidi, na ni kweli. Alikuwa bingwa wa mbio za nyika za mataifa mara tatu mfululizo, 1911, 1912 na 1913. Aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1911, dakika 30 na sekunde 58.8. Na Julai 1913 alirudi kwenye uwanja uleule wa Stockholm uliomtoa machozi, akakimbia kwa saa moja na kufikisha mita 19,021. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1928 ilipovunjwa na Paavo Nurmi. Maana yake ni kwamba kwa miaka 14 mtu aliyekuwa kaburini aliendelea kuwashinda walio hai. Kuna mashujaa wachache wa vita wanaoweza kudai hivyo.

Lakini ukubwa wa uwanjani hautoshi kueleza. Mtu hukumbukwa pale panapokuwa na wenye haja ya kumkumbuka, na Ufaransa ya 1914 ilikuwa na haja kubwa. Agosti 3 mwaka huo, Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la michezo la L'Auto na mwanzilishi wa mbio za baiskeli za Tour de France, aliwaandikia vijana wa nchi yake kuhusu vita iliyokuwa inaanza. Aliiita mechi kubwa. Aliwataka wanamichezo waende wakaicheze kama walivyozoea kucheza, tofauti ikiwa kwamba safari hii hakuna kumwonea huruma mpinzani. Ni tahariri inayosomeka vibaya sana leo, ila wakati ule ilionekana ya kawaida. Waingereza nao hawakuwa nyuma: Desemba 1914 waliunda kikosi kizima cha wanasoka, na mabango yakabandikwa kuwaita mashabiki wawafuate wachezaji wao jeshini.

Sasa mechi ikihesabiwa kwa maiti, gazeti lililoiita mechi linafanya nini? Lilianza kuchapisha majina. Tour de France ya 1914 ilikuwa imeanza Juni 28, siku ileile mrithi wa kiti cha Austria alipopigwa risasi Sarajevo. Kabla vita haijaisha, washindi watatu wa zamani wa Tour walikuwa wamekufa: François Faber, Octave Lapize, Lucien Petit-Breton. Faber aliuawa Mei 9, 1915, karibu na Arras. Siku hiyohiyo, upande mwingine wa uwanja huohuo wa vita, aliuawa Anthony Wilding wa New Zealand, bingwa wa tenisi wa Wimbledon mara nne mfululizo kuanzia 1910 hadi 1913. Katika hali kama hiyo bingwa aliyekufa anageuka mali ya thamani. Anawaambia wazazi wa vijana wasio na jina kwamba hata huyu, aliyekuwa na kila kitu, ametoa. Basi wako naye anapungukiwa na nini?

Nasema mali kwa makusudi. Na mali hutunzwa, hupakwa rangi, hufichwa kasoro.

Kasoro ya kifo cha Bouin ni hii: maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kombora lililomuua lilitoka kwa mizinga ya Wafaransa wenyewe, iliyopiga mahali ilipodhani pana Wajerumani. Ukisoma maandishi ya kumtukuza, jambo hilo ama halimo au limetajwa haraka haraka, kama mtu anayesema jina la ugonjwa msibani. Inaeleweka. Taifa lililokuwa linapoteza maelfu ya watu kwa siku halikuwa na nafasi ya kujadili shabaha ya mizinga yake. Hata hivyo miaka zaidi ya mia imepita, na bado wapo wanaoona kwamba kulisema hilo ni kumpunguzia marehemu heshima. Kwangu mimi ni kinyume. Bouin alikuwa na jina ambalo lingeweza kumtafutia kazi nyuma ya mstari wa vita, kufundisha mazoezi au kuzunguka kambini akipigwa picha. Alikwenda mbele. Uamuzi huo ndio wake. Kombora lilitoka kwa nani, hilo halikuwa lake na halimgusi. Linawagusa waliokuwa nyuma ya mizinga na waliowapa ramani.

Miaka 90 baadaye Wamarekani walirudia kisa hicho, safari hii kwa uongo wa wazi. Pat Tillman alikuwa mchezaji wa soka la Kimarekani katika timu ya Arizona Cardinals. Mwaka 2002 aliacha mkataba wa dola milioni 3.6 wa miaka mitatu akajiunga na jeshi pamoja na mdogo wake, Kevin. Walikwenda Irak, kisha Afghanistan. Aprili 22, 2004, katika jimbo la Khost, Tillman aliuawa. Jeshi lilitangaza kwamba alikufa akiongoza wenzake kumkabili adui. Likampa nishani ya Silver Star, na mapema Mei ikafanyika ibada kubwa ya kumbukumbu San Jose, ikaonyeshwa na televisheni nchi nzima. Familia yake ilikaa palepale, mbele ya kamera, ikisikiliza hadithi ambayo watu kadhaa jeshini walikwishajua si ya kweli.

Tillman aliuawa na risasi za wenzake. Aliuawa pia mpiganaji wa Kiafghani aliyekuwa pamoja naye, ambaye hata katika makala ndefu hupewa nusu sentensi. Sare ya Tillman, fulana yake ya kuzuia risasi na daftari alilokuwa akiandikia vilichomwa moto. Familia iliambiwa ukweli wiki tano baada ya kifo, na ukweli huo wenyewe ulitoka vipande vipande, kwa sababu mama yake, Mary, aliendelea kusumbua ofisi moja baada ya nyingine. Aprili 2007 kesi ilifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, Kevin akaeleza kwa kinywa chake jinsi kifo cha kaka yake kilivyogeuzwa habari ya kuwatia watu moyo. Mwaka huohuo luteni jenerali mmoja mstaafu alipewa karipio rasmi. Basi.

Hapo unaona kazi ambayo dola humpa bingwa aliyekufa. Aprili 2004 vita ya Irak ilikuwa inawaendea vibaya Wamarekani, na mwanamichezo tajiri aliyeacha mamilioni akafa kishujaa alikuwa habari waliyoihitaji kuliko chakula. Mwanamichezo yuleyule, aliyekufa kwa sababu wenzake walichanganyikiwa jioni ile bondeni, alikuwa habari wasiyoitaka. Ni mtu mmoja, mwili mmoja, uamuzi uleule wa mwaka 2002. Kilichobadilika ni manufaa tu.

Na haikuishia hapo. Mwaka 2017, wachezaji weusi wa soka la Kimarekani walipokuwa wakipiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga ukatili wa polisi, rais wa nchi alisambaza mtandaoni picha ya Tillman kama fimbo ya kuwachapia. Mjane wake akatoa taarifa kusema utumishi wa mumewe usitumiwe kisiasa kwa namna ya kuwagawa watu. Aliyekufa hawezi kukanusha, ndiyo maana anapendwa sana na wanaotafuta shahidi.

Turudi kwa Bouin, maana upande wa kumkumbuka vizuri nao una mambo yake, na si yote ya kusikitisha.

Uwanja wa Jean-Bouin wa Paris uko mkabala na Parc des Princes, barabara moja katikati. Ulijengwa upya ukafunguliwa tena 2013, unachukua watu wapatao 20,000, na wenyeji wake ni raga, klabu ya Stade Français. Tangu 2025 Paris FC nao wanachezea hapo. Maelfu wanaingia kila wikiendi, jina wanalisoma kwenye tiketi, na sidhani wengi wanajua kama mwenye jina alikimbia, aliogelea au alikuwa meya. Angers nako kulikuwa na uwanja wa Jean-Bouin. Mwaka 2017, alipofariki Raymond Kopa, mwanasoka mkubwa wa Ufaransa aliyewahi kuichezea Angers, uwanja ukapewa jina lake. Sina ugomvi na hilo. Kopa alistahili, na watu wa Angers walikuwa na haki ya kumuenzi wa kwao. Ila linaonyesha jinsi jina kwenye ukuta lilivyo jambo la kupanga na kupangua: hudumu hadi atakapotokea marehemu mpya anayependwa zaidi, au siku hizi, mdhamini mwenye hundi.

Kilichonishangaza nilipokuwa nafuatilia habari zake ni Barcelona. Tangu 1920, mji ambao si wake, katika nchi ambayo haikuwa hata vitani, huandaa mbio za barabarani zinazoitwa Jean Bouin. Ni miongoni mwa mbio kongwe za Hispania. Watoto wanakimbia, wazee wanakimbia, mabingwa wanakimbia, na mtu anayeuliza Bouin ni nani anajibiwa kwamba ni yule aliyekuwa akifanya hivi unavyofanya wewe sasa, kwa kasi zaidi. Hapo hakuna haja ya bendera. Ufaransa imemhifadhi askari, Barcelona imemhifadhi mkimbiaji, na kama ningekuwa ndugu yake ningejua nimshukuru nani zaidi.

Hili linawahusu wanaozika mabingwa sasa hivi. Ukraine imepoteza mamia ya wanamichezo na makocha tangu Februari 2022, kwa hesabu za serikali yake. Mmoja wao ni Maksym Halinichev, bondia aliyekuwa na nishani ya fedha ya Olimpiki ya Vijana ya 2018, aliyeuawa Machi 2023 akiwa na miaka 22. Kila jina kama hilo linavutwa na mikono miwili: wa serikali inayohitaji mashujaa ili vita iendelee kuungwa mkono, na wa watu wa klabu wanaokumbuka namna alivyorusha mkono wa kushoto. Wa kwanza una vipaza sauti. Wa pili una video za mazoezi kwenye simu, na mimi ningependa hizo zitunzwe kwa uangalifu uleule wa nishani.

Kuna swali la kuudhi ambalo maneno "alikufa akiitetea nchi yake" hulifunika. Nchi ipi? Kolehmainen aliposhinda Stockholm, bendera iliyopanda ilikuwa ya Urusi, kwa kuwa Finland ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Faber alizaliwa Ufaransa, akaishi Ufaransa, lakini uraia wake ulikuwa wa Luxembourg alikotoka baba yake, ndiyo maana alipotaka kupigana aliingia kikosi cha wageni cha jeshi la Ufaransa. Alikufa kwa ajili ya nchi aliyoichagua. Mambo hayakai sawa kama yanavyosomeka kwenye mawe.

Na hakuna mahali yalipokaa vibaya kuliko huku kwetu. Vita iliyomuua Bouin ilipiganwa pia Tanga, Taveta, Salaita, Mahiwa, hadi ndani ya Msumbiji na kurudi. Askari wa Kiafrika walikuwa pande zote mbili, wa Mjerumani na wa Mwingereza, kila mmoja akiambiwa anamtetea mfalme wake. Chini ya hao walikuwapo wapagazi, waliobeba risasi, unga, makombora ya mizinga na wagonjwa, mwezi baada ya mwezi, kwa miguu, kwenye tope la Rufiji na vumbi la Taru. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam, zinakoishi Simba na Yanga na kelele zao, ni pale ilipokuwa kambi ya wapagazi hao.

Simama siku moja kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, pale kwenye Sanamu la Askari lililozinduliwa 1927. Watu wanalitumia kama kituo cha kukutania. "Nisubiri Askari," kisha wanatazama simu. Juu ameinama mtu wa shaba na bunduki yenye singe, ameelekea bandarini. Chini kwenye nguzo kuna maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na herufi za Kiarabu. Yanawakumbuka askari waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka nguzo yote utafute jina hata moja. Nairobi, barabara ya Kenyatta, kuna sanamu za watu watatu zenye ahadi hiyohiyo. Mombasa pia.

Bouin alikuwa na jina kabla ya vita. Hiyo ndiyo siri yote. Vita haikumpa jina, ilimkuta nalo ikalitumia. Hutson alikuwa na nusu ya jina, akapata nusu ya kumbukumbu. Mpagazi aliyetoka Ukambani au Unyamwezi hakuwa ameandikwa na gazeti lolote la michezo, na hakuna aliyesimama na saa kumpima, ijapokuwa umbali aliotembea na mzigo kichwani ungewavunja moyo wengi waliopanda jukwaani Stockholm. Tukisema tunawaenzi mabingwa waliokufa kwa ajili ya nchi, tunawaenzi wale ambao kipaji chao kilipata shahidi kabla ya risasi. Si kosa la mabingwa. Lakini ni vema kujua tunachofanya.

Najua yapo makaburi yetu ya baadaye yenye heshima yake. Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera, na kila Julai 25 taifa hufanya siku ya mashujaa. Jeshi letu ndilo lililokuwa na Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kama polisi wa Kenya walivyokuwa na Kipchoge Keino na walinzi wa mfalme Ethiopia walivyokuwa na Abebe Bikila. Katika nchi zetu sare na viatu vya mbio vimekaa nyumba moja kwa miaka mingi. Kwa hiyo waandishi wa michezo wanaokwenda kuripoti shada za maua wangeweza kuwauliza wazee wa vikosi swali moja la ziada: nani kati ya waliolala hapa alikuwa anacheza, nafasi gani, na alikuwa mzuri kiasi gani? Wazee hao wanapungua.

Kwa wapagazi wa 1914 hatuna tena wa kumuuliza, ila tuna barabara. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta kwa ajili ya vita ile, na njia hiyo ilikanyagwa na watu waliobeba mizigo. Upande wa pili wa mpaka kuna Moshi, mji unaopokea maelfu ya wakimbiaji kila mwaka kwenye Kilimanjaro Marathon. Chama cha riadha cha Kenya na cha Tanzania vingeweza kuandaa mbio za kupokezana kutoka Voi hadi Moshi, kila timu ikibeba kifurushi badala ya kijiti, kizito cha kutosha kuchelewesha. Gharama yake ni maji, namba za kifuani, magari machache ya wagonjwa, na urafiki wa maofisa uhamiaji wa Taveta na Holili kwa siku moja. Mwezi ningependekeza Machi, kwa kuwa Machi 1916 ndipo jeshi la Waingereza lilipopita hapo kuelekea Moshi, na wapagazi nyuma yake. Tatizo nililoliona ni mvua za masika, ambazo zikianza mapema mbio zitageuka tope.